Kiti cha Nyuma cha Pijo

Nimeishi Mlali miaka ya kutosha kuitwa mwenyeji, ingawa Waluguru hawaachi kunikumbusha kwamba mimi ni Mnyamwezi wa kuja, mtani wao, na kwamba siku nikifa watanizika kwa vicheko. Nawajibu kwamba wao watatangulia. Katika watu wote niliotaniana nao hapa, mgumu kuliko wote alikuwa jirani yangu Athanas, dereva mstaafu wa misheni. Unarusha neno lako, unasubiri acheke, yeye anakuna kidevu kwanza, kisha anakujibu taratibu kana kwamba umemuuliza swali la mtihani. Utani wangu mwingi umefia mlangoni kwake.

Kitu kilichomfungua mdomo ni magari tu. Hapo hata mimi mwalimu nilikosa nafasi ya kuingiza neno. Alikuwa na Pijo 504 ya rangi ya krimu, ile ya taa zenye pembe zinazoshuka kidogo kwa nje kama macho ya mtu mwenye usingizi, na buti lililokunjika kana kwamba mtu mzito aliwahi kulikalia. Aliiendesha tangu ikiwa mali ya misheni huko juu Mgeta, akiwapeleka mapadri vigangoni na kurudi na magunia ya njegere. Misheni ilipopata pikapu mpya, Pijo ikasukumwa bandani na kuku wakaanza kutaga kwenye viti. Paroko akamwambia aichukue kabla haijaota manyoya. Akaishusha Mlali ikivutwa na trekta, akaifufua kipande kwa kipande, na kila kipande alichokipata alikuja kunionyesha kama vile mimi ndiye niliyemtuma.

Huko milimani watu hawamkumbuki kwa mapadri. Wanamkumbuka kwa harusi. Enzi zile gari zuri lilikuwa hilo moja, na Jumamosi paroko alikuwa anaruhusu limbebe bibi harusi yeyote wa parokia. Athanas aliwabeba wa Mgeta, wa Langali, na mara moja moja hata wa Kinole, upande wa pili wa mlima, ambako barabara ilimtoa jasho. Alikuwa na masharti yake. Bibi harusi anakaa nyuma, upande wa kushoto, ili wanaosimama kando ya barabara wamwone. Vioo havipandishwi. Na yeye dereva hajawahi kumwomba msichana yeyote apande gari lake. Wanaolitaka huja wenyewe kuomba. Sharti hilo la mwisho lilikuwa ndiyo heshima yake yote.

Siku ya harusi yake mwenyewe hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuendesha. Basi akakaa mbele na suti yake, mkewe Veronika akakaa nyuma peke yake na shela lake, wakashuka mlima hivyo, bwana harusi akimtazama bibi harusi kwa kioo cha ndani. Veronika alilicheka jambo hilo mpaka uzeeni. Alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye aliolewa na dereva wa teksi na mpaka leo hajamlipa. Kisha alikuwa anamgeukia binti yao, Eva, anamwambia na wewe utapanda humohumo. Eva alikuwa mdogo na alikuwa anaitikia ndiyo.

Veronika alipofariki, Athanas alibaki peke yake katika nyumba ambayo si yake. Msiojua mila za hapa mnisikilize. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na ardhi ni ya ukoo wa mama. Athanas alimfuata mke kwenye ardhi ya kwao, mke akaondoka, na ukoo ukamwambia akae tu, hakuna atakayemsumbua. Kweli hakuna aliyemsumbua. Lakini mtu anayeambiwa akae ni mgeni. Shamba halikuwa lake, kaburi la mkewe lilikuwa kwenye ardhi ya wengine, na Eva mwenyewe alihesabiwa upande wa mjomba wake Stefano, kaka wa marehemu, afisa wa serikali huko Dodoma. Kilichokuwa chake bila mjadala ni Pijo.

Jioni nilikuwa namwona anaingia ndani ya gari, anafunga mlango, anakaa kwenye usukani bila kuliwasha. Anakaa tu. Niliwahi kumuuliza anakwenda wapi, akakuna kidevu, akasema haendi popote. Alikuwa mpweke, na sitatafuta neno zuri zaidi la kumpamba nalo. Nilikuwa nampelekea maboga na maneno, maboga alikuwa anakula.

Tulibishana sana kuhusu uzuri wa magari, maana mimi nayapenda ya siku hizi na sioni haya kusema. Napenda ule mstari unaoanzia kwenye taa ya mbele, ukapita milangoni, ukaishia kwenye taa ya nyuma bila kukatika. Napenda taa nyembamba zinazowaka mchana. Napenda gari lionekane linakimbia hata likiwa limeegeshwa.

"Gari lililoegeshwa," alisema Athanas, "linatakiwa lionekane limeegeshwa."

"Hiyo Pijo yako imesimama kama mzee wa kanisa anayesubiri sadaka."

Akafikiri. "Si vibaya," akasema.

Siku moja mpwa wangu alikuja kunitembelea na gari jipya, na Athanas akalizunguka mara kadhaa, mikono nyuma. Nilitegemea aliponde. Hakuliponda. Alipitisha kidole kwenye mkunjo wa mlangoni, akasema bati la kukunjwa vile enzi zake lilikuwa haliwezekani, na kwamba aliyelichora alikuwa na mkono mwepesi. Kisha akanivuta mpaka kwenye Pijo, akafungua mlango wa nyuma, akaniketisha.

"Unaona nini, Mwalimu?"

Niliona kila kitu. Niliona migomba, niliona mlima wote mpaka mawinguni, niliona kanga zangu kwenye kamba. Vioo vya Pijo ni vikubwa na vinashuka mpaka karibu na kiwiko, na nguzo za kushikilia paa ni nyembamba kama fito.

"Aliyelichora hili alikaa kwanza hapo ulipokaa," alisema, "akajiuliza abiria ataona nini. Aliyelichora lile la mpwa wako alisimama barabarani, akajiuliza watu wataona nini. Yote mawili ni mazuri. Ila kwenye lile, aliyemo ndani haonekani."

Nilimwambia vioo vidogo vyenye giza vinazuia jua. Akasema ndiyo, na jua ni kweli linachoma. Sikupata hata raha ya kushinda.

Eva alikuwa anafanya kazi Dodoma, ofisini, na huko alimpata Joseph, kijana mpole. Posa ilipokuja na mahari ikapokelewa, waliokaa viti vya mbele walikuwa Stefano na wazee wa ukoo, kama ilivyo desturi. Athanas alikaa pembeni, akapewa soda yake, akashukuru. Hakulalamika. Kesho yake asubuhi nilisikia msasa. Alikuwa ameanza kuipiga Pijo rangi upya.

Aliifanya kazi hiyo peke yake kwa miezi. Bampa za kuwakawaka alizisugua mpaka ukiinama unajiona una pua pana. Alibadilisha vitambaa vya viti, na kiti cha nyuma akakivalisha kitambaa cheupe chenye marinda, akakifunika na nailoni ili vumbi lisiguse. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kiti kile ni cha nani. Mlali nzima ilijua.

Aliyekuwa hajui ni Eva.

"Mwambie," nilimwambia.

"Bibi harusi ndiye huomba."

"Huyu si bibi harusi wa watu. Huyu ni mwanao. Piga simu, sema, mwanangu nataka nikubebe. Maneno machache tu, hata mtani wako mjinga anaweza kuyasema."

Alikuna kidevu muda mrefu. "Nikimwomba," akasema, "atakubali kwa kunihurumia. Sitaki apande kwa huruma."

Nilimwita kichwa kigumu, nikaondoka na sahani yangu. Nilikuwa na hasira, maana nilijua anasema kweli kuhusu huruma na anakosea kuhusu yote mengine. Mara kadhaa niliishika simu nimpigie Eva mwenyewe, nikaiweka. Ombi lile halikuwa langu.

Wiki ya harusi Stefano akaja na Eva kwenye Crown nyeupe, ya kuazima kwa rafiki yake wa kazini. Acheni niseme ukweli: lilikuwa gari zuri sana. Lilikuwa chini, refu, taa zimefinywa kama macho ya mtu anayetazama juani, na vioo vyeusi vikimeta. Watoto waliacha mpira wakaja kulizunguka. Eva akashuka, akamshika baba yake mkono kwa mikono yote miwili, akampigia goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Shemeji," alisema Stefano, akifurahi kwelikweli, maana si mtu mbaya, "tumekuletea gari la binti yako ulione kabla ya watu wengine. Wewe ndiye mtaalamu."

Kamati ya harusi ilikuwa imeshaamua. Athanas alilizunguka lile gari kama alivyolizunguka la mpwa wangu, mikono nyuma, polepole. Nilikuwa nimesimama uani kwangu na mwiko mkononi, na nilikuwa naomba atafute kosa, hata dogo. Alifika nyuma, akainama kutazama jinsi taa zilivyoungana na bodi bila pengo, akainuka.

"Limependeza, baba?" Eva aliuliza.

"Limependeza."

"Kweli? Usinidanganye."

"Kweli kabisa. Hilo ni gari la bibi harusi."

Eva alifurahi, akamkumbatia. Kisha akaiona Pijo chini ya mwembe ikiwa na rangi mpya, akapiga kofi la mshangao. "He! Baba, umelipaka rangi! Utakuja nalo mpaka mjini? Litafika?"

Alikuwa anatania. Mtoto anamtania baba yake, nani atamlaumu? Athanas akasema litafika. Hakuna aliyelisogelea gari kiasi cha kuona kiti cha nyuma, na nailoni ilikuwa bado juu yake. Jioni ile nilimpelekea chakula, nikakikuta asubuhi pale pale nilipokiweka.

Jumamosi yenyewe Athanas alivaa suti, akaendesha Pijo peke yake mpaka mjini. Mimi nilikuwa kwenye Noah ya walimu wenzangu. Kanisani alimshika Eva mkono akamtembeza mpaka mbele, akamkabidhi kwa Joseph, akarudi kukaa. Alitembea wima na aliimba nyimbo zote. Ukimtazama usingejua kitu, nami nilikuwa namtazama.

Tulipotoka nje tukakuta mji umejaa harusi. Morogoro Jumamosi ya mwezi wa ndoa mnaijua: kila kanisa linatoa maharusi wake, kila maharusi wana matarumbeta yao juu ya pikapu, na wote wanataka kuzungushwa mjini kabla ya kwenda ukumbini. Na kila maharusi walikuwa kwenye gari jeupe, refu, la chini, vioo vyeusi, riboni nyeupe na waridi kwenye boneti. Nilianza kuyahesabu nikaacha. Hata mimi ninayeyapenda sikuweza kutofautisha hili na lile, na yote yalikuwa mazuri.

Msafara wetu ulipangwa vizuri. Mbele ya wote lilikuwa pikapu la matarumbeta likiendeshwa na kijana anaitwa Maneno, jina linalomfaa kuliko majina mengi niliyowahi kuita darasani. Nyuma yake Crown ya Eva na Joseph, Stefano akiendesha, kisha Pijo ya baba, kisha Coaster ya kina mama wa Mlali, kisha sisi. Ndani ya Pijo alikuwa Athanas peke yake, na kiti cheupe nyuma yake, nailoni imetolewa. Kwenye vioo vile vikubwa kilionekana chote, marinda na yote, na hakuna mtu. Watu kando ya barabara walikuwa wanachungulia, kisha wanatazamana.

Tukafika mzunguko wa Msamvu. Ndipo tulipoanza kuzunguka, maana harusi isiyozunguka Msamvu haijafanyika, na ndipo harusi nyingine ikatuingilia kutoka upande wa Dar, na ya tatu kutoka Kihonda. Matarumbeta yakapigana matarumbeta. Magari meupe yakaingiana. Pikapu la Maneno likajikuta nyuma badala ya mbele, akatazama huku, gari jeupe, akatazama kule, gari jeupe, vioo vyote vyeusi, na bibi harusi wetu yuko ndani ya mojawapo na haonekani hata ukucha. Ukumbi ulikuwa Kihonda. Crown yetu ilitoka kwenye mzunguko ikashika barabara ya Dodoma, inavyotakiwa, na hakuna aliyeiona ikienda.

Wote tuliona kitu kimoja tu. Tuliona Pijo ya krimu, gari la pekee katika vurugu ile ambalo kila mtu wa Mlali analijua hata akiwa usingizini, ikitoka kwenye mzunguko na kushika barabara ya Iringa. "Baba yake huyo!" Maneno alipiga kelele. "Aliko baba ndiko aliko bibi harusi!" Akaifuata. Coaster ikamfuata Maneno. Sisi tukaifuata Coaster.

Mtasema hatukuwa na akili. Ngojeni. Barabara ya Iringa ndiyo ya kwenda kwetu, na wengi hapa wanashika desturi kwamba bibi harusi aliyefiwa na mama hupita kwanza kaburini kumuaga, kabla hajala keki ya watu. Hakuna aliyetuambia kwamba Eva atafanya hivyo, lakini jambo lenyewe lilikuwa la haki kiasi kwamba kila mmoja alidhani mwenzake ameambiwa. Kina mama kwenye Coaster walianza kulia mapema. Tulipokata kona ya Sangasanga kuelekea Mlali, mwalimu mwenzangu alisema, huyu Eva ana adabu, na mimi nikaitikia. Simu zilikuwa zinaita, nadhani, lakini kwa matarumbeta yale nani angesikia?

Athanas alikuwa anasikia matarumbeta nyuma yake njia nzima. Nilikuja kumuuliza baadaye alifikiri ni nini. Alisema alidhani ni harusi ya watu wengine. Alipunguza mwendo mara kadhaa ili wampite, wakawa hawampiti, akaona labda ni vijana wenye heshima. Hakutazama kioo cha ndani. Aliniambia siku ile hakutaka kukitazama.

Basi tukaingia Mlali hivyo, tarumbeta zikilia, vumbi linatimka, watu wanatoka majumbani wakipiga vigelegele. Pijo ikasimama mahali pake chini ya mwembe. Pikapu likasimama nyuma yake. Wapigaji wakaruka chini, wakajipanga mistari miwili kwa ajili ya bibi harusi kupita, wakapuliza kwa nguvu zao zote.

Athanas akashuka peke yake. Akawatazama. Tarumbeta moja ikanyamaza, kisha nyingine, mpaka ngoma kubwa ikabaki ikipiga yenyewe, kisha nayo ikaacha.

"Mmefuata nini huku?" aliuliza.

"Tumekufuata wewe, mzee," alisema Maneno. "Bibi harusi yuko wapi?"

"Si mnaye nyie?"

Maneno, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa nayo. Kina mama walikuwa wameshuka kwenye Coaster, wanatazama ndani ya Pijo kupitia vile vioo, wanatazama kiti cheupe. Nikawapita, nikamwendea.

"Athanas, ukumbi uko Kihonda. Ulikuwa unakuja kufanya nini?"

Alifungua mdomo, akanionyesha banda. "Kuku," alisema. "Nilisahau kuwafungia."

Jua lilikuwa bado juu na kuku wote wanatembea uani. Hakuna aliyecheka, na mimi mtani wake ndiye niliyetakiwa kucheka. Watu wote walielewa kwa pamoja kwamba mzee alikuwa ameikimbia harusi ya mwanawe, kimya kimya, ili asimuudhi mtu, aje kukaa ndani ya gari lake kama jioni nyingine zote. Alitaka kwenda na asionekane. Tumemsindikiza kwa tarumbeta. Sijawahi kuona mtu ameaibika kiasi kile bila kufanya kosa, na nilitamani ardhi ya ukoo ule inimeze mimi badala yake.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Eva.

"Mwalimu, mko wapi? Nimefika ukumbini, hakuna mtu. Hakuna matarumbeta, hakuna kina mama, niko na Joseph, mjomba na MC tu. Tumekaa ndani ya gari. Baba yuko wapi?"

"Tuko naye. Tuko Mlali."

"Mlali? Wote?"

Nilitazama wale watu, nikaamua kwamba sasa basi. Nilimweleza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, Athanas akinipungia mkono ninyamaze. Nilimwambia habari za msasa, za rangi, za kitambaa cheupe, za bibi harusi ndiye huomba. Nilimwambia tumemfuata baba yake kwa sababu gari lake ndilo pekee tulilolitambua.

"Mpe baba."

Nikaiweka kwenye spika, nikaishika mbele yake.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikuna kidevu. Tulimsubiri, kijiji kizima na tarumbeta zetu.

"Na mimi nilidhani hutaki kusumbuliwa," Eva aliendelea. "Mjomba alisema tukupumzishe siku hiyo, usiendeshe watu. Nilipoliona lina rangi mpya nilitaka kuuliza. Nikaona utasema Crown ni nzuri zaidi."

"Ni nzuri zaidi. Mwanangu, ni gari zuri sana lile."

"Baba, mimi naomba." Alikuwa analia sasa, na vipodozi vyote vile. "Nakuomba. Nitashuka humu, nitakusubiri nje barabarani. Njoo na Pijo unichukue."

Kina mama wakaanza kigelegele, wakajizuia walipomtazama Athanas. Alikuwa anatazama chini, kwenye simu yangu. Alikuwa amesubiri maneno yale tangu mtoto akiwa mdogo, na yalikuwa yamekuja, na yalikuwa ya kweli. Nilimwona usoni anayasikia.

"Nikuchukue nikupeleke wapi, mwanangu?" alisema kwa upole. "Umeshafika."